Lodi wa Ngapi? Namna ya Kufuata Cheo cha Ukoo wa Kiingereza Ukiwa Nairobi

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa miguu katikati ya jiji, na kituo changu cha tatu huwa Kenyatta Avenue. Hapo nawaambia kwamba barabara hii iliitwa Delamere Avenue, kwamba ilikuwa na sanamu ya Lodi Delamere, mlowezi wa Kiingereza, na kwamba uhuru ulipokuja 1963 sanamu iling'olewa ikapelekwa Soysambu, kule Elmenteita. Wakenya kwenye kundi hucheka. Kwao Delamere ni mtindi, au ni pale Naivasha gari linaposimama watu wakanyooshe miguu.

Mwishoni mwa 2024 mama mmoja mzee kutoka Cheshire, mwenye mkongojo na kofia ya jua, aliniuliza swali fupi: "Na lodi wa sasa ni nani?" Nikajibu bila kupepesa macho: mtoto wa lodi wa tano. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyesoma kichwa cha habari akaiacha habari yenyewe. "Mwanawe alimtangulia kufa," akasema. Kweli. Na huyo mwana alifia hapa hapa Nairobi, magazeti yetu yakaandika, mimi nikasoma, lakini sikuwahi kuunganisha.

Ile aibu ndiyo iliyonifundisha njia ninayowapa sasa vijana wanaoanza kazi hii. Haihitaji digrii. Inahitaji daftari, penseli, bando kidogo na subira.

Shika cheo, achana na mtu

Kosa la kwanza la kila mtu ni kuanza na mtu, au na jina la ukoo. Anza na cheo. Andika juu ya ukurasa cheo kimoja tu, kwa ukamilifu wake, na usikubali kingine kiingie kwenye ukurasa huo.

Mfano ni huyu huyu Delamere. Jina la ukoo wake ni Cholmondeley, na hutamkwa "Chamli". Ukilitamka jinsi lilivyoandikwa mgeni wa Kiingereza atakuonea huruma. Ukiliingiza kwenye simu yako utaletewa makwesi wa Cholmondeley, mwenye cheo cha juu kuliko baroni, mwenye kasri lake, ambaye hadi 2022 alishika wadhifa wa kale katika ikulu. Huyo si lodi wetu. Ni tawi kubwa la ukoo uleule. Lodi wetu ametoka tawi dogo, la mtoto wa baadaye aliyepewa shamba la Vale Royal huko Cheshire. Nyumba mbili, hati mbili, ngazi mbili za urithi.

Kisha ukiingiza "Delamere" peke yake utakutana na mtego mwingine. Mwaka 1661 mtu aitwaye George Booth alifanywa baroni wa Delamer, bila ile "e" ya mwisho. Ukoo wake ulikwisha kwa upande wa wanaume na cheo kikafa 1770. Miaka 51 baadaye, Julai 1821, mfalme George wa Nne alitoa cheo kipya, Baron Delamere wa Vale Royal, kwa Thomas Cholmondeley aliyekuwa amekaa miaka mingi bungeni akiwakilisha Cheshire. Majina yanafanana lakini ni vyeo viwili, na hesabu ya cha pili inaanza upya kutoka moja. Nimeona makala moja ikiwachanganya, ikampa lodi wetu mababu wa watu wengine.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa ukurasa wangu unasomeka hivi: Baron Delamere, wa Vale Royal, 1821. Bila mwaka wa kuanzishwa, jina la cheo halitoshi.

Na ngazi zenyewe, kutoka juu kwenda chini, ni tano: duki, makwesi, eli, vaikaunti, baroni. Baroni ni wa chini kabisa. Watu wengi hapa hudhani Delamere alikuwa mkubwa kupita wote kwa sababu ya ukubwa wa ardhi aliyoishika Kenya. Kwa cheo, alikuwa ngazi ya mwisho. Ardhi ile ina hadithi yake, ya mikataba ya 1904 na 1911 na Wamaasai waliohamishwa, na ni hadithi nzito kuliko hii. Hapa nakuomba tu usiingize ekari kwenye ukurasa wa cheo. Cheo hakikuja na ekari hata moja ya Njoro.

Soma hati kabla ya kusoma ukoo

Hapa ndipo palipo kiini cha kazi yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Cheo cha aina hii huzaliwa kwa hati ya mfalme. Hati inasema ni cheo gani, cha mahali gani, na, hili ndilo tunalolitafuta, kinarithiwaje. Kwa vyeo vingi vya Uingereza masharti ni yale yale: kiende kwake yeye aliyepewa, kisha kwa uzao wa kiume wa mwili wake uliozaliwa ndani ya ndoa. Tafuna maneno hayo polepole, kila moja lina kazi.

"Mwili wake" ni mwili wa yule wa kwanza aliyepewa. Ndugu yake wa kwanza harithi, maana hakutoka katika mwili huo. Lakini ndugu wa lodi wa tatu anaweza kurithi, kwa kuwa naye ni uzao wa yule wa kwanza. Hata binamu wa mbali anaweza, mradi mnyororo kutoka kwake hadi kwa yule wa kwanza uwe wa baba kwa baba bila mwanamke katikati. Mnyororo ukipita kwa binti, umekatika.

"Ndani ya ndoa" nayo si mapambo. Mtoto wa nje harithi, na kwa vyeo vya Kiingereza hata wazazi wakija kuoana baadaye, mtoto aliyezaliwa kabla ya harusi hapati. Mtoto wa kuasili pia hapati, hata awe amelelewa na kupendwa vipi. Ukitaka mfano mkubwa, mfalme William wa Nne alikuwa na watoto 10 na mwigizaji Dorothea Jordan, hakumwoa, na alipokufa 1837 taji lilimpita kila mmoja wa hao 10 likamwendea mpwa wake Victoria. Mkumbuke binti mmojawapo wa mfalme huyu, Elizabeth FitzClarence. Atarudi baada ya kurasa chache, na atarudi kupitia mtaa wa Karen.

Sisi tumezoea sheria nyingine. Sheria yetu ya urithi, Sura ya 160, inamhesabu binti sawa na mwana, na inagawa mali. Cheo si mali. Hakigawanywi, hakiuzwi, hakiandikwi kwenye wosia, na mwenyewe hawezi kumpa mtoto anayempenda zaidi. Tajiri anaweza kumwachia binti yake nyumba, ng'ombe na akaunti zote za benki, na bado cheo kikamwendea binamu asiyemsalimia. Ndiyo maana nasema usifuate mali. Mali na cheo huweza kuachana siku ya mazishi.

Zipo hati chache zenye sharti la pekee. Mountbatten, yule aliyekuwa mwakilishi wa mfalme India, alipewa ueli mwaka 1947 naye alikuwa na mabinti wawili bila mwana. Hati ikaruhusu binti arithi, na alipouawa 1979 binti yake mkubwa Patricia akawa eli kwa haki yake mwenyewe. Mtu asiyesoma hati angesema cheo kimekufa. Kwa hiyo usibahatishe hata pale unapodhani unajua.

Ngazi ya Delamere, na jinsi Mkikuyu anavyoweza kuielewa haraka

Sasa panga wenye cheo, mmoja mmoja, kila mmoja na mwaka aliozaliwa, mwaka aliorithi, na mwaka aliokufa. Wa kwanza Thomas, alizaliwa 1767, akapewa cheo 1821, akafa 1855. Wa pili Hugh, kutoka 1855 hadi 1887. Wa tatu Hugh tena, aliyezaliwa 1870, akarithi akiwa na miaka 17, akafika nyanda za juu za Kenya 1897, akafa Novemba 1931. Huyu ndiye wa sanamu. Wa nne Thomas, 1931 hadi 1979. Wa tano Hugh, aliyezaliwa 1934, 1979 hadi 2024.

Umeona? Hugh, Thomas, Hugh. Binti mmoja ninayemfundisha, kwao Murang'a, aliitazama orodha akasema, "Mzee, hawa ni kama sisi. Mtoto wa kwanza anaitwa babu yake." Ndivyo ilivyo kuanzia yule wa tano kushuka. Kwake ikawa rahisi kukumbuka. Lakini urahisi huo huo ndio mtego: ukisoma gazeti la zamani likisema "Hugh Delamere", ni Hugh yupi? Mwaka wa gazeti ndio utakaokuambia. Gazeti la 1920 ni wa tatu. Gazeti la 1985 ni wa tano. Jina halikusaidii, tarehe inakusaidia, na ndiyo maana nasisitiza miaka mitatu kwa kila mtu.

Mtego huo uko hata upande wa wanawake. "Lady Delamere" ukiiona kwenye picha ya zamani usikimbilie kuandika jina. Wa tatu alioa mara mbili: Florence, binti wa eli wa Enniskillen, aliyefariki 1914, kisha Gwladys, aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Wa nne alioa mara tatu. Hao tayari ni Lady Delamere watano katika maisha ya wanaume wawili.

Turudi kwenye aibu yangu. Hugh wa tano alikuwa na mwana mmoja, Thomas, aliyezaliwa 1968. Huyu ndiye ambaye mwaka 2009 mahakama hapa Nairobi ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Wageni na wenyeji watakuuliza, jibu kwa sentensi moja ukikumbuka kwamba aliyeuawa naye alikuwa na familia, kisha endelea. Thomas alifariki Agosti 2016, baba yake akiwa hai. Kwa hiyo hakuwahi kuwa lodi. Hana namba. Namba hupewa aliyeshika cheo, si aliyekuwa akikingojea.

Basi nafasi yake ilishikwa na mwanawe, kwa namna ambayo hata sheria yetu humpa mjukuu fungu la mzazi aliyetangulia. Hugh wa tano alipofariki 2024, cheo kiliruka kizazi kikamwangukia mjukuu, naye ndiye wa sita. Vizazi ni saba, malodi ni sita. Ukihesabu vizazi utakosea namba. Ukihesabu namba utakosea vizazi. Mimi sasa huchora mstari wa nukta kwa yule asiye na namba, ili jicho lisimruke.

Kuna maneno mawili utakayohitaji hapa. Mrithi wa uhakika ni yule ambaye hakuna mtoto anayeweza kuzaliwa akamtangulia: mwana wa kwanza, au mtoto wa kiume wa mwana wa kwanza aliyekufa. Mrithi wa kungoja ni yule anayeshika foleni mpaka azaliwe wa karibu zaidi: ndugu, baba mdogo, binamu. Lodi akifa bila mwana lakini mkewe ana mimba, ndugu lazima asubiri mtoto azaliwe. Foleni ya namna hiyo hata kituo cha matatu hatuna.

Risasi moja, vyeo viwili

Kama una muda wa kufundisha mfano mmoja tu, fundisha huu. Umetokea kwetu.

Alfajiri ya 24 Januari 1941, gari aina ya Buick lilikutwa pembeni ya barabara karibu na njia panda ya Karen na Ngong, na ndani yake maiti ya Josslyn Hay, eli wa 22 wa Erroll, mwenye miaka 39. Alikuwa amepigwa risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mke wake kijana Diana alikuwa mpenzi wa marehemu, alishtakiwa Nairobi na kuachiliwa mwaka ule ule. Hapo wageni wote huchangamka na kuanza kukupa majina ya wauaji. Waache waongee, wakimaliza uwaulize swali lako: nani alirithi?

Wengi watasema hakuna, maana marehemu hakuwa na mwana. Alikuwa na binti mmoja, Diana Hay (si yule Diana wa Broughton), mwenye miaka 15. Na hapa ndipo hati inapofanya kazi yake. Josslyn alikuwa amebeba vyeo viwili. Cha kwanza, Erroll, ni cha Uskoti, cha karne ya 15, na vyeo vingi vya kale vya Uskoti humruhusu binti kurithi pasipokuwa na mwana. Cha pili, ubaroni wa Kilmarnock, ulitolewa 1831 kwa masharti ya kawaida ya wanaume tu. Maadamu mtu mmoja ndiye mwenye vyote, huoni mshono. Alipokufa, mshono ulifunguka: binti akawa eli wa 23 wa Erroll, pamoja na wadhifa wa kale wa Konstebo Mkuu wa Uskoti, na ubaroni ukaenda kwa baba yake mdogo, Gilbert.

Kisha Gilbert akafanya jambo linalowapoteza wengi. Mwaka huo huo alibadilisha jina la ukoo kutoka Hay kuwa Boyd. Mtu anayefuata majina atadhani cheo kimeingia ukoo mgeni. Lakini ukoo ule ule ulikuwa Boyd zamani. Mwaka 1746 William Boyd, eli wa Kilmarnock, alikatwa kichwa London kwa kuasi mfalme, na cheo chake kikachukuliwa. Mwanawe akaja kurithi Erroll 1758 kutoka kwa dada wa bibi yake, akaacha Boyd akajiita Hay. Kwa hiyo Gilbert mwaka 1941 alikuwa anarudi nyumbani, ukipenda kusema hivyo. Andika pembeni ya ukurasa wako: uasi hufuta cheo, na jina la ukoo hubadilika kama koti.

Na ubaroni wa 1831 ulitoka wapi? Eli wa 18 wa Erroll alikuwa amemwoa Elizabeth FitzClarence, yule binti wa William wa Nne niliyekuomba umkumbuke. Mkwe wa mfalme akapewa ubaroni mwaka uliofuata baada ya mfalme kukalia kiti. Binti hakuweza kurithi taji, lakini mjukuu wa mjukuu wake, kwa ngazi ya baba kwa baba, ndiye aliyekufa katika ile Buick.

Kaburi la Josslyn liko kwenye uwanja wa kanisa la St Paul's, Kiambu. Panda matatu, nenda ukaione siku ya katikati ya wiki, usiende Jumapili watu wakiwa ibadani. Usipige picha kabla ya kumsalimu mlinzi.

Wasio malodi

Hapa nitapita haraka, lakini usiruke, maana maswali mengi ya wageni wa Ngong yanahusu watu wasio na cheo kabisa.

Denys Finch Hatton, aliyezikwa Ngong Hills baada ya ndege yake kuanguka Voi mwaka 1931, alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa eli wa 13 wa Winchilsea na wa 8 wa Nottingham. Namba mbili kwa mtu mmoja kwa sababu hati ni mbili, ya 1628 na ya 1681, zilizokutana baadaye katika ukoo mmoja, na mwenye cheo wa kwanza wa ile ya 1628 alikuwa mwanamke, Elizabeth Finch. Kaka yake Denys ndiye aliyerithi 1927. Denys aliishia kuitwa The Honourable, neno tunalolitafsiri Mheshimiwa, na kwa Kenya Mheshimiwa ni mbunge. Nimeulizwa mara mbili alikuwa mbunge wa wapi.

"Sir" nayo iko ya aina mbili. Sir Jock Delves Broughton alikuwa baroneti wa 11. Usir wake unarithiwa, lakini baroneti si lodi. Sir William Northrup McMillan, ambaye mjane wake alitujengea maktaba ya Banda Street, usir wake ulikuwa wake peke yake, ukaisha naye 1925. Ukiona "Sir", uliza kama kuna namba. Kukiwa na namba, ni baroneti.

Mahali pa kukaa na kutafuta

Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ndipo nilipojifunza kazi hii, nikisoma magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, vumbi lake la kukufanya upige chafya hadi saa sita. Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, nenda kwa barua, faili na mashamba; wengi huishia chini kwenye mkusanyiko wa Murumbi wakasahau kupanda juu. Gazeti Rasmi la serikali ya Kenya limechapishwa tangu 1899, na matoleo mengi yamewekwa mtandaoni bure. Humo kuna matangazo ya mirathi, yenye tarehe za vifo na anwani. Lakini kumbuka nilichosema: tangazo la mirathi linahusu mali. Litumie kwa tarehe tu.

Kwa hati zenyewe, fungua London Gazette, iliyoanza 1665 na inasomwa mtandaoni bila malipo. Tafuta kwa mwezi na mwaka, si kwa jina, kwa sababu maandishi ya zamani yamesomwa na mashine na mashine haijui kusoma Cholmondeley. Vitabu vya koo kama Burke's Peerage, kilichoanza 1826, ni vizuri kwa kuanzia, ila habari nyingi humo zilitoka kwa familia zenyewe, na familia hupenda mababu wazuri. Mimi siandiki kitu kwa wino mpaka nikipate mahali pawili ambapo hapa hapakunakiliwa kutoka pale.

Na kama mgeni atauliza nani anaamua mwisho wa yote, kuna daftari rasmi la malodi huko Uingereza lililowekwa kwa amri ya malkia 2004. Cheo humwangukia mrithi dakika ile mwenzake anapokata roho, lakini ili atambuliwe kwenye nyaraka za serikali lazima athibitishe urithi wake na kuingizwa humo. Siku hizi hata damu huulizwa: mwaka 2016 baraza la ushauri la malkia lilikubali ushahidi wa DNA katika mgogoro wa ubaroneti wa Pringle, na ubaroneti ukahamia mstari mwingine wa ukoo.

Usimwambie mgeni kwamba lodi huyo anakaa bungeni kwa sababu ya cheo chake. Sheria ya 1999 iliwatoa wenye vyeo vya kurithi, ikawabakiza 92 tu wakati ule. Na cheo chenyewe mtu anaweza kukikataa tangu sheria ya 1963, ndani ya miezi 12 ya kurithi, lakini anakikataa kwa maisha yake tu. Tony Benn alikataa uvaikaunti wake mwaka huo ili aweze kuwa mbunge wa kawaida. Alipofariki 2014 mwanawe akauchukua. Kwenye ukurasa wako Benn anabaki na namba yake, wa pili. Usimfute.

Kadi ya mfukoni

Ukimaliza, hamisha yote kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Juu: cheo, mahali, mwaka wa hati. Chini yake sharti la urithi kwa maneno matano au sita. Yangu ya Delamere inasema "wanaume tu, ndani ya ndoa". Halafu watu kwa namba zao na miaka yao mitatu. Mstari wa nukta kwa aliyekufa akingoja. Nyuma ya kadi andika kilicho Nairobi: barabara ilivyoitwa, baraza la hoteli ya Norfolk lililopewa jina la Lodi Delamere, sanamu ilikokwenda.

Halafu jipime. Mpe rafiki asiyejua lolote kadi hiyo, akuulize: wa sanamu ni wa ngapi? Aliyemwoa Diana wa Broughton ni wa ngapi? (Ni wa nne, mwaka 1955, na ndiyo, ni Diana yule yule.) Nani hana namba? Ukijibu yote matatu bila kugeuza kadi, uko tayari kwa Kenyatta Avenue.

Wote andika kwa wino, isipokuwa mstari wa mwisho. Huo uandike kwa penseli, na kila Januari, kabla msimu wa wageni haujachanganya, fungua simu uangalie kama bado ni kweli.